Chumba cha gemu Ngarenaro: PS5 iko mlangoni, foleni iko nyuma

Wazee wa Chuga, kuna chumba cha gemu Ngarenaro hapa Arusha nataka nikiongelee vizuri maana kila anayekisifia anakisifia kwa kitu ambacho mi naona sicho. Kipo ndani kidogo ukishaacha lami, fremu mbili zimeunganishwa, ukutani wamechora Messi na Ronaldo (Messi ana pua ya mtu mwingine kabisa ila jezi imekaa poa), upande mmoja saluni ya kina mama upande wa pili mama chipsi, kwa hiyo pananukia dawa ya nywele na mafuta kwa pamoja. Mtu akikuelekeza pale atakwambia nenda kuna PS5, yaani PlayStation 5, na tivii ya 4K inchi 65 asee utachanganyikiwa. Ipo kweli, tena wameiweka mlangoni kabisa ili kila anayepita aione. Ila we pita saa kumi na moja jioni, wanafunzi wameshatoka shule na mafundi wameshafunga, halafu angalia watu wamekaa wapi. PS5 ina wawili wanaocheza na kundi limesimama linaangalia bure, huku nyuma kwenye zile za zamani, PS3 na ile PS2 ya tivii ya chogo, benchi limejaa mpaka wengine wamekalia kreti za soda.

Najua kuna mtu ameshajibu kichwani kwamba ni hela tu. Haya tuanze na hela. PS5 mechi moja buku, PS4 jero, PS3 mia tatu, PS2 mia mbili. Sawa, tofauti ipo, na kwa chalii wa sekondari buku ni chipsi kavu hiyo. Lakini jamaa mwenye chumba ana kamchezo kake, Jumamosi asubuhi mpaka saa sita mchana anaishusha PS5 inakuwa mia tatu sawa na PS3, anataka watu waizoee. Na bado! Unakuta mtu kafika, bei ni ileile, anaitolea macho PS5 anasema duh hii kali, anapiga picha na simu, halafu anapitiliza kwenda nyuma kupanga foleni. Nilimuuliza dogo mmoja mbona hukai hapa mbele pametulia. Akanijibu hata hajaniangalia, "Nikimfunga mtu pale nitamtambia nani?"

Sasa huko nyuma kuna nini. PS3 ya kwanza ina gemu ya mpira ya PES 2018, ambayo ndo PES ya mwisho kutoka kwenye PS3, halafu kuna fundi wa mtaani kafanya maujanja yake humo kabandika jezi za Simba, Yanga na Azam. Ligi Kuu ya kwetu haimo kwenye FC 25 ya EA, ile iliyokuwa inaitwa FIFA, kwa hiyo ukitaka kucheza na timu yako ni maujanja tu. Sura ndo usiseme. Beki wa Yanga ana nywele za kimanjano, kipa wa Simba utadhani keshia wa benki, na kwa vile faili lenyewe ni la zamani Clatous Chama alibaki Simba hata 2024 alipovuka kwenda Yanga. Mashabiki jukwaani ni makaratasi yamesimamishwa, nyasi ni kijani kimemwagwa basi. Ukiiweka jirani na FC 25 ya kule mbele ambayo unaona mpaka jasho la shingoni, kigrafiksi ni aibu tupu. (Uwanja wa AFCON wa kule Olmoti kuna mtu atauingiza humo kabla EA hawajajua Arusha iko wapi, niko tayari kuweka dau.)

Haya, subiri mmoja achague Simba na mwenzie achague Yanga. Fundi viatu wa nje anaacha sindano kwenye soli anakuja kusimama mlangoni. Kuna chalii mmoja anatangaza mpira kwa sauti ya redio, halipwi na mtu, na akikosea jina la mchezaji anazomewa. Sheria ya pale mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine, kwa hiyo ukipigwa goli dakika ya 88 umepoteza kiti na kukipata tena inaweza ikawa nusu saa. Nimeona mtu mzima kabisa na heshima zake amegoma kutoka anadai pedi ilikuwa na shida, wakamnyanyua yeye na kiti chake wakamweka nje.

Mtu atasema huo ni utamu wa watu, sio wa mashine. Nusu kweli. Mashine nayo inachangia, kwa sababu kuna gemu zinaruhusu hayo na kuna zinazoyabana. PES za kipindi kile ukibonyeza pasi, pasi imetoka, vitufe vyenyewe vichache, dogo wa darasa la nne akicheza mechi mbili ameshaelewa na anaweza kumtoa mjomba wake. Gemu za sa hivi zinataka mchezaji ageuke kama binadamu wa kweli, ageuze nyonga kwanza, aweke mguu, ndo apige, unapendeza ukiangalia ila wewe mwenye pedi ulishabonyeza zamani unasubiri bwana mkubwa amalize kugeuka. Na sio kwamba ukibadilisha injini ukaweka ya kisasa mambo yanajipa, Konami wenyewe 2021 waliigeuza PES ikawa eFootball kwa injini mpya na siku inatoka sura za wachezaji zikawa kichekesho dunia nzima, uchezaji nao mbovu, mpaka wakaomba radhi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho watu wengi hawakijui na ndo kinachoharibu raha kuliko grafiksi mbaya: kuchelewa kwa picha. Gemu inachora picha nyingi kwa sekunde moja, ikiwa inachora 30 basi kila picha inakaa kama milisekunde 33, ikichora 60 inakaa kama 17. Hapo bado tivii. Hizi bapa kubwa za 4K zina tabia ya kuipamba picha kabla ya kuitoa, inalainisha, inakoleza rangi, inajitungia picha za katikati ili mambo yaonekane yanateleza, na mapambo hayo yanachukua muda, kuna tivii ikiwa kwenye mpangilio wa sinema inakula mpaka milisekunde 100. Kwa anayeangalia tamthilia haina shida yoyote. Kwa anayecheza gemu ya kupigana kama Tekken ameshapigwa ngumi mbili. Ile chogo ya nyuma kule haijui kupamba, picha ikifika imeshatoka, ndo maana Tekken 5 kwenye PS2 inaonekana ina ukungu ila ukiita teke, teke hilo hapo. Wale chalii wanaoipenda hawajui milisekunde ni nini, wanakwambia tu "hii inashika".

Na kwenye hili chumba chenyewe kimenifundisha kitu. PS5 ilipofungwa pale mbele watu wakaanza kusema ni nzito. PS5 nzito! Mashine inayoweza kutoa picha 120 kwa sekunde. Nikamwomba jamaa rimoti, nikaingia kwenye mipangilio ya picha, nikakuta iko vilevile ilivyotoka dukani, rangi zimechemka, nyekundu inawaka mpaka inauma macho. Nikaweka ule mpangilio wa gemu. Rangi zikapoa na jamaa akakunja uso.

"Kaka umeiharibu hii, imepauka."

Nikampa pedi nikamwambia cheza mwenyewe. Akacheza kimya, akafunga, akarudia kupiga pasi za haraka haraka katikati ya uwanja kama anaipima, mwisho akasema basi iache hivyo. Nilivyopita siku nyingine nikakuta rangi zimerudi. Kumbe mchana ikiwa imepauka wapita njia hawasimami, na jua la Arusha likipiga kioo pale mlangoni ndo hawaoni kitu kabisa. Sa hivi ana utaratibu, mchana rangi za kuwaka, jioni watu wakianza kulipa anaweka ya gemu. Mi naona hapo jamaa ameshajibu swali la watu wote wanaobishana grafiksi au utamu, ila kajibu kibiashara. Picha kali inamvuta anayepita, anayetoa hela ni aliyeshika pedi, na hao wawili hawataki kitu kimoja.

Mashine iliyoniacha hoi pale ni nyingine kabisa. Kuna Wii. Ndio, Wii, ile nyeupe ndogo ya Nintendo. Mnajua mji wetu, na hizi ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika, mashirika na makampuni ya safari, kila mara kuna mgeni anarudi kwao anauza friji, kitanda, baiskeli za watoto. Jamaa alikwenda Njiro kununua meza akarudi na Wii juu ya meza. Ni ya Marekani kwa hiyo adapta yake ni ya volti 120 na umeme wetu ni 230, bahati nzuri aliyeuza akamwonya asiichomeke moja kwa moja, akatafuta kile kitransfoma cha kushushia. Ukikuta ya namna hiyo mtaani uliza kwanza, usije ukaleta moshi ndani.

Wii na PS3 zilitoka mwezi mmoja, Novemba 2006. PS3 ilikuja na diski za Blu-ray na picha mpaka 1080p, yaani mistari 1080 ya nukta, Marekani ikauzwa dola 499 na nyingine 599. Wii picha yake mwisho 480p, yaani hata wakati huo ilikuwa imechelewa, ikauzwa dola 249.99 na gemu ya michezo ndani ya boksi: tenisi, boling, ngumi, unapunga mkono na mchezaji anapunga. Waandishi wa gemu kibao waliicheka. Mwisho wa siku Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 101 na PS3 milioni 87 hivi.

Kwa nini? Nenda pale Jumapili jioni utaona mwenyewe. Saluni ikipungua wateja kina dada wanahamia kwenye Wii, mmoja na rola zake kichwani, mwingine dawa bado haijaoshwa anaambiwa dakika kumi tu urudi, na mama chipsi anakabidhi jiko kwa binti yake. Hawa watu hawajawahi kushika pedi ya PS maishani mwao na hawana mpango. Ila mama chipsi kwenye boling anatisha, anaangusha vyote kumi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika aproni. Wale wachezaji wa Wii hawana hata mikono, ni vichwa vya duara na viganja vinaelea hewani, na hakuna aliyewahi kuuliza mikono iko wapi. Kazi ya jamaa pale ni kupiga kelele tu.

"Mama vaa kamba kwanza! Kamba ya mkononi!"

"Mwanangu niache, mkono umeshapata moto."

Na hofu yake ina msingi, mwaka 2006 huohuo watu walikuwa wanarusha rimoti za Wii zinapasua tivii mpaka Nintendo wakatangaza kubadilisha kamba za mkononi kama milioni 3.2. Mi sijawahi kusikia PS5 inayomfanya mtu asahau mpaka arushe pedi kwa furaha. Kwa hasira ndio, kila siku.

Halafu hii sio mara ya kwanza mashine yenye picha dhaifu kushinda. PS2 ilianza 2000 na ilizidiwa nguvu na GameCube na Xbox za 2001, lakini ndo iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 155, hizo mbili ukizijumlisha hazifiki 50. Game Boy ya 1989, ile ya mkononi ya Nintendo, ilikuwa na kioo cha kijani kijani hakina hata taa, mpinzani wake Game Gear ana rangi na taa, ila anakula betri sita kwa masaa matatu mpaka matano tu, nani atamlisha huyo. Na sisi wa huku tuna ushahidi wetu, ile gemu ya matofali ya Mchina na nyoka wa Nokia. Kuna mtu aliwahi kulalamika nyoka hana magamba? Kuna mtu alishuka kifodi kituo kimepita kwa sababu ya grafiksi? Na GTA San Andreas je, ya 2004, mhusika wake CJ ana vidole vimeungana kama glavu, na watu wameandika chiti daftari zima, daftari lenyewe la Jiografia.

Ngoja sasa niitetee PS5 kidogo maana isije ikaonekana nina chuki na vitu vipya. Nenda pale siku ya kazi saa nne asubuhi, kumetulia, chukua saa zima peke yako, weka God of War Ragnarök. Asee. Ile theluji, mbwa mwitu wanavyovuta kile kigari, pumzi inatoka mdomoni kwa baridi, na kama ni mwezi wa saba Arusha na wewe umevaa koti unaelewa vizuri kabisa. Pale grafiksi ni sehemu ya utamu wenyewe, ukiitoa hadithi inapungua. Gran Turismo 7 vilevile, kona ya mbali unaiona mapema ukajipanga, mvua ikinyesha unasoma barabara ilipolowa unajua wapi pa kukanyaga breki. Hiyo ni picha inayokusaidia kucheza. Jasho la shingoni la FC halinisaidii kufunga goli.

Na kitu kizuri kuliko vyote kwenye PS5 wala sio picha, ni kutosubiri. Ile diski yake ya ndani ya GB 825 ni ya haraka balaa, unachagua gemu umeshaingia. Ukiwa umelipia kwa muda badala ya mechi hiyo ni hela. PS2 unalipia muda wako halafu unaangalia mstari unajaa taratibu huku jamaa ameshabonyeza saa.

Hata wenye mashine wenyewe wanajua watu wanataka nini. Gemu nyingi za PS5 zinakupa uchague, picha safi zaidi kwa 30 kwa sekunde au picha iliyopunguzwa kidogo kwa 60. Sababu ni hesabu tu: 1080p ni nukta milioni 2 na kidogo, 4K ni milioni 8.3, mara nne, na nguvu ya mashine ni moja, ukiipeleka kwenye nukta haibaki ya kuongeza spidi. Septemba 2024 Sony walipoitambulisha PS5 Pro, Mark Cerny ambaye ndo aliongoza usanifu wa PS5 alisema mwenyewe kwamba wachezaji wanapoulizwa wachague wanachagua spidi kama robo tatu ya mara zote. Robo tatu! Halafu baada ya kusema hivyo akawauzia mashine ya dola 699.99 ya kuboresha picha, isiyo na sehemu ya kuingiza diski. Biashara nzuri hiyo, mi sina la kusema.

Kinachoniuma zaidi ni huu mtindo wa kukatwa kioo mara mbili kupotea. Zamani Need for Speed Underground 2 kwenye PS2 mnakaa wawili, kioo kinagawanyika, gari lako juu la mwenzio chini, mnachungulia kila mmoja upande wa mwenzie na kulaumiana. Kuchora mji mara mbili kwa wakati mmoja ni kazi nzito, na jinsi mji unavyozidi kupendeza kazi inazidi, kwa hiyo watengenezaji wengi wakaona rahisi waache. Need for Speed ya 2015 inang'aa kila kitu, barabara imelowa, taa zinaakisi, ila hakuna kugawana kioo na bila intaneti haiendi kabisa. Yaani ukitaka kushindana na rafiki yako aliyekaa pembeni yako inabidi aende kwao akanunue mashine yake na bando lake. Pale Ngarenaro ipo kwenye PS4 moja na sijawahi kuona mtu anaichagua zaidi ya wageni. Hapo ndo grafiksi inapokula utamu mchana kweupe, sio kwamba vimekaa tu pembeni vinashindana.

Kwa anayetaka kununua ya nyumbani, maana nimeshaulizwa na watu wawili watatu. Kama ni familia na watoto, PS4 iliyotumika yenye afya na pedi mbili (mbili, sio moja, ukinunua moja umenunua ugomvi) inatosha sana na diski zake zipo mjini, unacheza ukichoka unabadilishana na mtu. PS5 kama hela ipo chukua yenye sehemu ya diski, kwa sababu gemu kubwa za sa hivi kuna zinazopita GB 100 na hiyo kuishusha kwa bando la simu ni kilio, na kwenye PS5 za mwanzo kati ya zile GB 825 unazoweza kutumia ni 667 tu hivi, kwa hiyo zinajaa upesi. Switch ya kwanza ya Nintendo ni tamu mno na picha yake ikiwa mkononi ni 720p tu, imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani na hiyo picha yake hiyohiyo, shida ni kwamba huku kupata gemu zake ni kazi na bei haishuki. Na ukishafika nyumbani, kabla hujawaita majirani, ingia kwenye mipangilio ya tivii uweke ya gemu. Bure hiyo, na inasaidia kuliko kuongeza inchi.

Turudi Ngarenaro nimalizie na mabaya yake. Pedi zimechoka. Nyingi za PS3 vile vijiti vinavuta kushoto vyenyewe, mchezaji wako anakimbia kwenda nje ya uwanja na wewe hujamgusa, na nimemwambia jamaa mara kibao kwamba badala ya kukusanya hela ya PS5 ya pili angenunua pedi sita mpya. Anacheka. Anasema "Kaka, pedi mpya nani atasimama barabarani kuiangalia?" Sina jibu kwa kweli. Vumbi nalo, kiangazi ile barabara ya ndani inavuta vumbi lote mlangoni na PS5 ndo iko pale pale, feni inaanza kupiga kelele, anaipuliza kwa mdomo na mi nafumba macho. Umeme ukikatika PS5 peke yake ndo ina UPS, ile betri ya akiba, wengine mnakaa gizani na matokeo yanajadiliwa kwa kelele, kawaida ya aliyekuwa anaongoza ni kudai mechi ilikuwa imeisha. Choo ni cha saluni, omba kwa adabu.

Mazuri: jamaa ni mkweli wa muda, hakuibii dakika, haruhusu sigara ndani wala kamari, wanafunzi wenye sare kabla ya saa tisa anawafukuza kabisa na hilo wazazi wa mtaa wanamheshimu nalo. Chipsi mayai unaletewa kwenye kiti ila ukishika pedi na mafuta atakupigia kelele mbele za watu.

Nampa nyota nne kati ya tano, moja nimekata kwa ajili ya pedi. Ukienda na rafiki kaombeni PS3 ya pili kutoka ukutani, wewe wahi ile pedi ya bluu, nyeusi kitufe cha kupigia shuti kinataka ukibonyeze mara mbili.